Vinu vitupu vya mlima Kinoo: siku bibi yangu aliposema alichonyamazia maisha yake yote

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa porini.

Mimi ni mgeni humu. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti na kunionyesha pa kubonyeza. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona nimekaa kimya muda mrefu katikati ya uzi, msidhani nimekufa. Natafuta herufi.

Ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, huku kwetu kwenye dhahabu, kati ya Bulyanhulu na Geita. Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na siku hizo mtu wa darasa la nne alihesabiwa msomi.

Lakini nilikuwa na haya kupita kiasi. Nikiulizwa jina mbele ya watu watatu, sauti inakwama. Kazini waliniita Bubu, na mimi nikaitika, maana kukataa kungetaka maneno.

Kazi yenyewe ilikuwa kupasua mawe. Kontrakta mmoja alipewa barabara ya malori ya kwenda mgodini, akahitaji mawe na kokoto. Mlima uliokuwa karibu zaidi na barabara ulikuwa Kinoo, juu ya kijiji chetu.

Kinoo si mlima mkubwa. Ni rundo la mawe ya kijivu kama yale yaliyojaa Usukuma nzima, moja limelala juu ya jingine kana kwamba mtu aliyapanga halafu akaitwa kula.

Juu kabisa kuna pango dogo. Mbele ya pango kuna jiwe pana, tambarare, lina mifereji. Mifereji mirefu kama mkono, mingine imezama hadi kina cha kidole. Watu wote walisema hapo ndipo mababu walinolea mikuki na majembe. Ndiyo maana mlima ukaitwa Kinoo.

Na sisi tulinoa pale. Mundu, shoka, panga, chochote.

Pembeni ya kila mfereji kulikuwa na kishimo cha mviringo, laini, cha ukubwa wa kisigino. Tulikiona kila siku. Hakuna aliyeuliza mkuki unahitaji kisigino cha nini.

Jambo jingine la kijiji chetu mlijue mapema, maana litarudi.

Kila mwaka baada ya mavuno, kulikuwa na siku moja ambayo wanawake wa kaya zilizo chini ya mlima walitoa vinu nje, wakavipanga kuelekea Kinoo, wakatwanga kuanzia jua likiwa begani hadi likiwa utosini. Walitwanga bila kitu ndani. Vinu vitupu.

Ukiwauliza, mmoja anasema ni kwa ajili ya mvua. Mwingine anasema ni kufukuza ndege. Mwingine anasema mama alifanya, nami nafanya. Wanaume tulicheka, tukasema wake zetu wanatwanga njaa.

Sasa nirudi kwenye kazi.

Nyapara wetu aliitwa Athumani, mtu wa Tabora, mwenye kanzu siku ya Ijumaa na maneno siku zote. Alinipenda kwa sababu nilitoboa vizuri. Kutoboa ni kushika tindo, ile patasi ya chuma ya mawe, kuipiga nyundo, kuizungusha kidogo, kuipiga tena, hadi tundu lipate kina cha kuweka baruti. Ukiwa na pupa tundu linapinda. Mimi sikuwa na pupa.

Alikuwa akiniambia, "Bubu, tundu lako limenyooka kuliko maneno yako." Kundi zima linacheka, nami nacheka.

Tundu la kwanza kwenye jiwe lile pana nililitoboa mimi. Sikujua. Naandika hivi ili mjue sikuwa shujaa.

Jioni ile nilinoa tindo yangu kwenye mfereji, nikaenda nayo nyumbani.

Nyumbani nilikuwa na bibi yangu, Kalunde, mama mzazi wa baba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba alikuwa Mwadui kwenye almasi, anakuja mara moja kwa mwaka. Bibi ndiye aliyenilea.

Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, na mguu wake wa kulia alivaa nyaya za shaba zilizozungushwa nyingi nyingi kuanzia kifundoni kwenda juu. Wanawake wa umri wake wengi walivaa nyaya hizo, lakini miguu yote miwili. Yeye mmoja tu. Tulizoea.

Siku hiyo aliiona tindo, akapitisha kidole kwenye makali, akatazama vumbi la kijivu. Akaniuliza nimeinoa wapi.

Nikamwambia Kinoo.

Akauliza tulikuwa tunafanya nini huko. Nikamwambia tunatoboa, wiki ijayo jiwe pana linapasuliwa kwa baruti.

Alikuwa amekwisha kunipakulia ugali. Akauchukua, akaufunika, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nililala na njaa. Hakuwahi kunifanyia hivyo kabla wala baadaye.

Asubuhi akaniambia neno moja: "Wazuie."

Nikamwuliza niwaambie nini. Akasema, waambie ni jiwe la wazee. Sababu nyingine hakunipa, nami sikuichimba. Kwetu mkubwa akifunga mdomo, mdogo hamfungui.

Nikaenda kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na mtemi. Yeye aliitaka barabara, lakini alimheshimu bibi. Akasema andika barua kwa Bwana Shauri, mzungu anayetawala wilaya, mimi nitatia dole gumba.

Niliandika barua hiyo siku tatu. Nilitaka kila herufi isimame vizuri. Niliandika kwamba jiwe lile ni la wazee wetu, ambao walinolea mikuki pale, na tunaomba lisipasuliwe. Tarishi akaipeleka kwa baiskeli.

Jibu lilikuja upesi kuliko barua ilivyoandikwa. Karani alikuwa ameliandika kwa Kiswahili safi: kila mlima katika wilaya hii una mahali pa kunolea, barabara ni faida ya wote, na siku hizi vyuma vinanolewa kwa tupa.

Mwanangwa alinitaka nilisome mara mbili. Watu wakacheka ile ya tupa. Hata mimi ilinichekesha kidogo, Mungu anisamehe.

Nilipomsomea bibi, hakucheka. Alikuwa nyuma ya nyumba anakata viazi vitamu vya michembe, vile vinavyoanikwa juani hadi vikauke. Aliendelea kukata. Kisha akasema, "Umewaandikia uongo. Ndiyo maana hawakusikia."

Nikamwambia nimeandika kile anachokijua kila mtu.

Akasema, "Kaa."

Nikakaa. Akanipa kisu na viazi, ili mikono yangu iwe na kazi na macho yangu yasimtazame. Alinijua.

Nitawaeleza kwa kifupi alichosema, maana yeye alikisema polepole hadi viazi vyote vikaisha.

Hakuzaliwa Usukumani. Alitoka mbali upande wa magharibi, hakujua hata jina la nchi ile, alikumbuka tu kwamba kulikuwa na migomba mingi na ukungu. Alikuwa mtoto wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Walichukuliwa yeye na mama yake, wakatiwa kwenye msafara wa watumwa wa kwenda Tabora na pwani.

Mama yake alijaribu kukimbia mara ya kwanza akakamatwa. Baada ya hapo wakafungwa pamoja, mama mguu wa kushoto na mtoto mguu wa kulia, mnyororo mfupi katikati. Wenye msafara waliona mama hawezi kukimbia akimburuta mtoto.

Akakimbia hivyo hivyo. Alimbeba mgongoni, mnyororo ameushika kwa meno usilie.

Wakafika Kinoo, wakajificha pangoni. Hawakuwa wa kwanza. Jiwe lile lilikuwa na mifereji tayari. Waliotangulia walikuwa wamesagia pete za miguu yao pale, kwa mchanga na maji, na mama yake alipoona mifereji akaelewa papo hapo bila kuambiwa na mtu. Unaweka kisigino kwenye kishimo, chuma kinalala kwenye mfereji, unavuta mbele na nyuma. Siku nzima. Na siku ya pili. Na ya tatu.

Bibi akasema, "Hatukunoa mkuki pale. Hatukuwa na mkuki."

Shida ilikuwa sauti. Jiwe lile halikukaa vizuri chini, limelalia mawe mengine, ukilikwaruza linalia kama debe. Na askari wa msafara walikuwa wamepiga kambi kisimani, njia ya chini, wanawatafuta.

"Wanawake wa chini hawakutuletea chakula siku ile," akasema. "Walituletea sauti."

Walisikia jiwe linalia, wakatoa vinu nje wakatwanga. Nafaka haikuwepo, mwaka ule ulikuwa wa njaa, na kinu kitupu kina kelele zaidi. Askari wakaona ni wanawake wanatwanga, jambo la kila siku. Wanawake wakipumzika, mama yake anaacha kusaga. Wakianza, naye anaanza. Hakuna aliyepanga na mwenzake kwa mdomo.

Siku ya sita pete zikakatika.

Kijiji kiliwapokea, kikawapa shamba. Na kulikuwa na sheria moja tu: aliyetoka mlimani haulizwi. Humuulizi ametoka wapi, humuulizi yeye ni wa nani. Ilikuwa heshima, na ilikuwa usalama pia, maana asiyejua hawezi kuropoka. Watu walinyamaza vizuri mno. Waliojua wakafa. Watoto wao wakabaki na vinu, bila sababu yake.

Mama yake bibi aliishi misimu michache akafariki. Alizikwa kule juu, ubavuni mwa jiwe.

"Wengine wana ukoo wa kutambikia," bibi akaniambia. "Mimi nina jiwe."

Wakuu, nitasema ukweli wote, hata ule unaoniaibisha.

Kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa mama yake. Niliwaza Kabula.

Kabula ndiye msichana niliyekuwa nimemposa. Mshenga alikwisha kwenda na kurudi, na wazazi wake hawakuwa na neno. Siku hizo ukiitwa kizazi cha mtumwa, hata kama una ng'ombe zizi zima, watu wanakunong'ona nyuma. Ugomvi mdogo kisimani, neno hilo linatupwa.

Nikamwambia bibi, basi tuseme kuna kaburi. Tusiseme mengine.

Akasema, "Kaburi watatuambia tuchimbe mifupa tuhame nayo. Jiwe halihami."

Nilichukua ungo wa michembe nikaenda kuanika.

Kesho yake kazini tulikuwa na matundu matatu tayari. Athumani alisema baruti inawashwa Alhamisi. Na Bwana Shauri alikuwa anapita kijijini kwetu Ijumaa kwa baraza. Mnaona tatizo.

Saa ya kupumzika nilimfuata Athumani, peke yangu. Nilimweleza yote. Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyokuwa nimewahi kumwambia mtu asiye wa kwetu, na nilimwambia nikitazama viatu vyake.

Nilitegemea utani. Hakutania. Alisema, "Babu yangu alibeba pembe hadi pwani. Sijui kama alitembea mbele ya minyororo au nyuma yake. Tulimuuliza, hakusema."

Halafu akasimama, akawaambia watu kwamba baruti imeingia unyevu na inahitaji kuanikwa hadi Jumamosi.

Ilikuwa kiangazi, wakuu. Hata mate yalikuwa yanakauka mdomoni. Kundi zima lilimtazama, kisha likaanza kukusanya vyombo. Siku mbili za kupumzika nani atazikataa?

Kabla ya baraza niliandika barua nyingine. Hii ilikuwa na ukweli. Ilinichosha kuliko kutoboa.

Ijumaa baraza likakaa. Bwana Shauri kwenye kiti chake, karani wake pembeni anatafsiri, mwanangwa, wazee, watu wote. Yakazungumzwa ya kodi, ya ng'ombe, ya barabara. Kisha karani akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama na karatasi yangu.

Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Leo Bubu ana barua." Watu wakacheka. Nikaanza, "Bwana..." na hapo pakawa mwisho. Niliziona herufi zangu, nilizijua, lakini hazikutoka mdomoni.

Sijui nilisimama vile muda gani. Nikasikia nyaya za shaba. Bibi alikuwa amekuja mbele.

Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaichomeka kiunoni. Hakujua kusoma hata herufi moja.

Akasema, "Haya ameandika mjukuu wangu. Yaliyomo ni yangu. Nitayasema mwenyewe."

Akayasema. Kwa Kisukuma, bila haraka, karani akitafsiri. Migomba, mnyororo, pango, mifereji, vinu. Hakulia. Alisema kama mtu anayeelekeza njia.

Sikuthubutu kutazama upande walipokaa wazazi wa Kabula.

Maduhu, ambaye alikuwa na ng'ombe wa kukokota maji ya kontrakta, akasema, "Bibi Kalunde, leo umekuwa mtumwa kwa ajili ya jiwe?"

Bibi akamgeukia. "Nilikuwa mtumwa kabla baba yako hajazaliwa, baba. Leo nimesema tu."

Bwana Shauri akazungumza na karani. Karani akasema kwamba Bwana amesikitika kusikia habari hiyo, lakini habari ya mtu mmoja hawezi kuiandika kuwa ni ya kweli, na kontrakta ana haki yake. Je, kuna shahidi mwingine?

Hakukuwepo. Wote walikuwa wamekufa na midomo yao.

Bibi akafikiri. Kisha akasema, "Wapo. Wako nje ya kila nyumba."

Akaomba vinu.

Mwanzoni hakuna aliyeinuka. Wanawake walitazamana. Nikaona mmoja anaondoka, nikajua mgongo ule, ni mama yake Kabula. Moyo ukaniambia ameona aibu, anakwenda zake, na posa yangu inakwenda naye.

Akarudi na kinu kichwani na mchi mkononi.

Akakiweka chini palepale pa kila mwaka, kuelekea Kinoo. Basi wengine wakaenda kuchukua vyao.

Bibi akapanga mambo kama nyapara. Bwana Shauri na wanaume wote wakae njiani karibu na kisima, palipokuwa na kambi. Mimi nipande juu na tindo. Yeye atasimama katikati na kanga yake: akiishusha watwange, akiiinua waache. Mimi nisage tu, nisiache hata kidogo.

Nikapanda mbio. Nikakaa mbele ya mfereji, nikaweka kisigino kwenye kile kishimo. Kikakaa sawasawa. Nikashika tindo, nikaanza kuvuta, mbele na nyuma. Jiwe likalia vibaya sana, hadi meno yakaniuma.

Chini vinu vikaanza.

Kutoka juu niliwaona wanaume wote njiani, wadogo kama kuku. Bwana Shauri ametega sikio, mkono nyuma ya sikio. Karani ametega. Maduhu ametega. Wanatikisa vichwa. Mimi nasaga kwa nguvu zangu zote, jiwe linalia, na wale hawasikii kitu. Wengine wanatazama upande mwingine kabisa.

Bibi akainua kanga. Vinu vikanyamaza.

Vichwa vyote viligeuka juu kwa pamoja. Vyote, wakuu. Kama ng'ombe waliosikia chui. Bwana Shauri alinyoosha kidole moja kwa moja mahali nilipokaa.

Kanga ikashuka. Vinu vikaanza. Vidole vikashuka, wakaanza kutafuta tena.

Nilimwona Maduhu anavua kofia yake.

Baada ya hapo Bwana Shauri alipanda mlima mwenyewe, uso mwekundu, jasho linamtoka. Alipapasa mfereji mmoja mmoja. Akaona matundu yetu matatu ya baruti, akayapita. Kisha akaketi chini, akaweka kisigino cha kiatu chake kwenye kishimo, akakaa hivyo. Karani aliangalia pembeni.

Alimwomba bibi amwonyeshe chake. Bibi akamwonyesha. Kilikuwa kidogo, kando ya kikubwa, kama vile kuku na kifaranga.

Sitawadanganya kwamba ilijengwa makumbusho. Bwana Shauri aliandika karatasi papo hapo juu ya goti lake, kwamba mlima ule hauguswi, na kontrakta atachukua mawe yake kwenye mlima wa pili, mwendo wa nusu saa mbele. Mwanangwa akaamuru mawe yapakwe chokaa na kupangwa duara kuzunguka mahali pale. Basi. Lakini barabara ilipita, malori yalipita, na jiwe lilibaki.

Athumani aliposikia akasema, "Bubu, kumbe unajua kuongea kwa tindo." Akaniachia kazi ya kupaka chokaa, siku nzima, kwa mshahara uleule. Nilipaka polepole.

Mnataka kujua kuhusu Kabula. Hata mimi nilitaka.

Nilipoteremka siku ile nilikutana na mama yake njiani, kinu kichwani. Nikamwamkia huku nimeinama kama mkwe anavyotakiwa, nikasubiri pigo. Nilianza kujieleza, kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimejua juzi tu.

Akanikatiza. "Aliyetoka mlimani haulizwi, mwanangu. Nipishe, kinu kizito."

Nikampisha. Nilisimama pale njiani nikimtazama hadi kinu kikapotea nyuma ya nyumba.

Tulioana baada ya mavuno yaliyofuata. Yeye Kabula ndiye bibi wa huyu mjukuu aliyenifungulia akaunti.

Limebaki moja.

Siku iliyofuata baraza, asubuhi, bibi aliketi mbele ya nyumba, si nyuma, akanyoosha mguu wa kulia. Akaniambia nilete koleo.

Nilimwuliza kama nyaya zinambana. Akasema hapana, zimemaliza kazi.

Nikazikata moja moja. Zilikuwa nyingi, zimekaa miaka, nyingine zilikuwa zimegeuka kijani. Chini yake kulikuwa na alama ya pete kuzunguka kifundo chote, nyeupe, laini, kama njia iliyopitwa sana. Ngozi ile ilikuwa haijaona jua tangu alipokuwa mtoto.

Hakutaka kanga ya kufunika. Aliinuka akaenda kisimani na mtungi, akapita katikati ya kijiji watu wakimwona, akarudi. Akautua mtungi, akautazama mguu wake.

"Unapigwa na upepo," akasema. Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, kama msichana.

Aliishi miaka mingine sita. Tulimzika juu, ubavuni mwa jiwe, na mama yake.

Kinoo bado kipo. Matundu yetu matatu bado yapo, mvua ikinyesha yanajaa maji na ndege wanakunywa. La kwangu ndilo lililonyooka. Vijana wa dhahabu wakija na vyombo vyao vya kupimia, wanaonyeshwa njia ya mlima mwingine. Na kila mwaka wanawake wanatwanga vinu vitupu, ila sasa mtoto akiuliza kwa nini, anajibiwa.

Nilichojifunza ni hiki. Kimya cha wazee wetu kiliwaokoa watu, na siwezi kukidharau. Lakini kimya hicho hicho nusura kilipue mahali penyewe, na nyundo ingekuwa mkononi mwangu. Nilipoandika uongo wa heshima, nilijibiwa kwa tupa. Bibi aliposema ukweli wenye aibu, hata mzungu aliketi chini.

Basi wakuu, nanyi semeni. Kwenu kuna jiwe, kisima au mti ambao watu wanaufanyia jambo kila mwaka na hakuna ajuaye sababu? Nani ndiye mkubwa aliyebaki pale? Mpelekeeni viazi vya kukata, mkae naye, msimtazame sana usoni.

Nitasoma majibu yote. Kujibu nitachelewa, mnajua sababu.